Miche ya Karomat

Matuta yalikuwa tayari tangu Jumatano. Odil alikuwa amelima uani kuanzia ukuta wa zizi hadi mferejini, akachanganya samadi, akavunja mabonge kwa kisogo cha jembe mpaka udongo ukalainika kama unga. Kilichobaki ni miche tu. Na pale mjini Kuva, mwezi wa nne ukishaingia, nyumba isiyo na miche uani ni nyumba ya kusemwa.

Basi Jumamosi alasiri, wamekaa kwenye kitanda cha mbao chini ya mzabibu wanakunywa chai, Hosiyat, mama yake Odil, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Nyanya arobaini. Hoho ishirini. Biringanya kumi zatosha, mwaka jana ziliozea mtini. Mrihani vichopa viwili, kimoja cha mlangoni. Shibiti na giligilani tutasia mbegu wenyewe, sina pesa za kununulia majani."

 Akammiminia mkaza mwana wake chai nusu kibakuli, kwa heshima, akamsogezea na sukari.

"Lakini Sanobar, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini, "kesho tusinunue kwa mama yako."

Angefoka ingekuwa nafuu. Mtu akikufokea, na wewe una haki ya kununa. Lakini Hosiyat alisema pole pole, kama anayemwambia mgonjwa habari, na Sanobar akabaki na kibakuli mkononi hajui akinywe au akiweke.

"Mama, tuna mwaka gani tuliowahi kununua kwa mwingine?"

"Miaka hiyo ilikuwa miaka mingine."

Sanobar akamtazama mumewe. Odil alikuwa ameinamia kibakuli chake kama vile kimeingia nzi.

Hapa hapana cha kuficha. Karomat, mama yake Sanobar, ndiye aliyekuwa muuza miche wa mji ule tangu Sanobar hajazaliwa. Mbegu zake mwenyewe, kitalu chake mwenyewe, si hii miche ya kuletwa na malori ambayo ikifika imeshachoka na safari. Tena watu walikuwa wakimwita majumbani aje awapandie mche wa kwanza, kwa sababu mkono wake ulikuwa mkono wa baraka; akimaliza wanampa mkate na kitambaa cha kichwa. Alikuwa na sanduku zima la vitambaa. Kisha mwaka jana, majira ya baridi yakiishia, akazika mume, na arobaini haijatimia akamzika na mwanawe wa kiume, Shuhrat. Mwezi wa tano mvua ya mawe ikapiga mji mzima, lakini watu wakazikumbuka bustani tatu tu, zile alizopanda Karomat. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mkono wa baraka ukaitwa mkono wa nuksi. Imamu alisema siku ya Ijumaa kwamba huo ni ushirikina. Watu wakatikisa vichwa, "kweli kabisa, kweli kabisa," wakatoka msikitini wakaenda kununua kwa muuza miche mwingine, Tojihon.

Na Sanobar alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla ya hii zilitoka katika mwezi wa tatu.

Mwezi wa pili Karomat alikuja na mikate miwili ya maziwa kwa ajili ya binti yake. Hosiyat aliipokea langoni kwa mikono miwili, akashukuru, akamwombea dua, akamsindikiza mkwe wake mpaka kwenye daraja la mfereji. Aliporudi akaenda moja kwa moja zizini akampa ng'ombe ile mikate. Sanobar aliona yote dirishani. Tangu siku hiyo Karomat hakuja tena, ingawa hakuna aliyemwambia kitu.

"Nimekuelewa, Mama," Sanobar akasema, akanywa chai yake.

Jumapili walikwenda sokoni yeye na mavyaa wake, Hosiyat akiwa amebeba kikapu ili mwenye tumbo asibebe. Wauza miche wa Kuva hukaa safu moja kwenye ukuta wa soko la mchele, kila mtu na masanduku yake ya mbao, vichopa vya miche kumi kumi vimefungwa kwa uzi na mizizi imefunikwa gunia bichi. Karomat alikuwa wa mwisho kabisa, pale maji ya mfereji yanapomwagikia. Zamani alikaa katikati.

Kumfikia Tojihon lazima umpite Karomat. Hosiyat hakuwa mtu wa kupita kimya kimya kama mwizi. Alisimama, hatua tatu mbali, akaweka mkono kifuani.

"Assalamu alaikum, mkwe!"

"Wa alaikum salaam, mkwe wangu. Hamjambo? Odil hajambo? Ng'ombe kazaa?"

"Kazaa ndama jike, alhamdulillah. Na wewe, miguu?"

"Inanifikisha."

"Na kifua?"

"Joto likija kitapona."

Wakaulizana yote ambayo wakwe huulizana, hata habari za majirani waliokuwa hawawajali. Hakuna salamu iliyosahauliwa. Ila mikono tu ndiyo haikupeanwa. Sanobar alikuwa nyuma ya mavyaa wake, na mama yake akamtazama mara moja tumboni, upesi, kisha akageuza macho kwenye masanduku yake. Vichopa vilikuwa vimepangwa sawasawa kwa safu. Sanobar alivihesabu bila kutaka. Hakuna safu iliyopungua hata kichopa kimoja, na ilikuwa saa tano.

"Mmekuja kwa miche?" Karomat akauliza.

Kwa mara ya kwanza katika miaka minne ya ndoa yake, Sanobar alimwona mavyaa wake hana neno.  Karomat akamwonea huruma, akamjibia mwenyewe.

"Nendeni kwa Tojihon, mkwe. Mwaka huu kapata miche mizuri. Hii yangu imerefuka kidogo."

Uongo mtupu. Miche yake ilikuwa mifupi, shina nene, majani yamekoza mpaka yanaelekea weusi, na ukipitisha tu kiganja juu yake harufu ya nyanya inakuganda vidoleni mpaka jioni. Hakuna miche kama ile katika soko lote, na wote watatu walijua.

"Haya, mkwe," Hosiyat akasema, na shukrani yake ilikuwa ya kweli. "Mungu akuletee wateja."

Mchukuzi mmoja alikuwa anapita na toroli la viazi, kijana mwenye mdomo. Akamwita, "Bi Karomat, leo umeuza mingapi? Au unaichunga tu?"

"Naichunga," Karomat akamjibu. "Ina adabu kuliko watu."

Watu wakacheka, naye akacheka. Sanobar hakucheka.

Tojihon alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia, na moyo wake haukuwa mbaya. Akawafungia nyanya, akawafungia hoho, akazidisha hoho tatu za bure. Hosiyat alipoinama kuchagua biringanya, Tojihon akamsogelea Sanobar.

"Usinichukie, mwanangu. Mimi nauza tu. Wakija nitawafukuza?"

"Sikuchukii, mama."

"Namwambia kila siku aje tukae pamoja, tuchanganye miche, nani atajua ipi ya nani? Anakataa. Ati hatauza kwa kujificha. Mkaidi yule, wallahi!"

Wakarudi njia ileile. Kikapu kilikuwa kimejaa majani mabichi ya watu wengine, na Hosiyat alikishika upande wa pili wa mwili ili kisionekane sana. Karomat aliinama wakati huo akawa anakamua maji ya gunia, akalikamua kwa muda mrefu, mpaka wakapita.

Siku ya tisa baada ya kupanda, baridi ikarudi. Hii ndiyo baridi ya mwisho ambayo wazee wa Kuva huiogopa kuliko ya mwezi wa kwanza, kwa sababu inakuja watu wakiwa wameshajisahau. Asubuhi Sanobar alikuta nyanya zimelala chini, nyeusi, kama mchicha uliochemka. Ilisalimika miche kumi na moja katika arobaini. Hoho karibu zote zimekwisha.

Hosiyat akazunguka matuta mikono kiunoni.

"Baridi ni baridi," akasema. "Amri ya Mungu. Tutanunua mingine."

Hapo Sanobar akashindwa. Miezi yote alikuwa amemeza, na kumeza kuna mwisho.

"Ingekuwa miche ya mama yangu, Mama, ingekuwa amri ya Mungu?"

"Sanobar."

"Nauliza tu. Tojihon kaua nyanya ishirini na tisa, hakuna aliyemwita nuksi. Mama yangu hakuua kitu. Kafiwa! Mtu kufiwa ndiyo kosa? Mkate wake umempa ng'ombe, mbona ng'ombe hajafa? Mbona kazaa ndama mzima?"

Odil alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Akasimama vivyo hivyo.

Hosiyat hakukasirika. Akakaa kwenye ukingo wa tuta, palepale kwenye udongo na gauni lake safi, na ghafla akaonekana mzee.

"Uliniona, kumbe," akasema. "Nisamehe kwa ule mkate. Nilijua ni dhambi, mkono wangu ukafanya." Akaokota mche mweusi, akausugua mpaka ukavurugika. "Wewe unadhani mimi simpendi mama yako? Mche wa kwanza katika ua huu, siku naletwa bibi harusi, nani aliupanda? Yeye. Tulikuwa wasichana. Lakini wale wawili waliotoka, Sanobar, ni mimi niliyewafunga kitambaa. Si wewe, wewe ulikuwa umezirai. Ni mimi niliyewafukia. Sina nguvu ya kumfukia wa tatu. Nikiambiwa nisivuke mfereji sivuki. Nikiambiwa nile majivu nakula. Naogopa, mwanangu. Naogopa tu."

 Sanobar akamsaidia mavyaa wake kuinuka, akamkung'uta udongo.

Mchana, Hosiyat alipokwenda matangani mtaa wa pili, Odil alimfuata mkewe jikoni. Akatoa noti mfukoni, akaziweka kwenye ubao wa kukatia.

"Elfu hamsini," akasema. "Nenda kanunue miche. Nunua unapotaka wewe."

"Na mama?"

"Nitamwambia mimi." Akakohoa. "Nilipaswa kusema siku ile. Nilikaa kama gogo."

"Ulikaa kama gogo kweli."

"Haya, basi. Nenda kabla jua halijashuka."

Alikuwa mume wa maneno machache, na haya kwake yalikuwa hotuba. Sanobar alimkumbatia mpaka tumbo likawasukuma kando. Akafunga kitambaa chake cha bluu, kile cha sikukuu, akatoka. Jamani, furaha aliyotembea nayo barabarani siku ile! Alikuwa anaenda kununua miche kwa mama yake mchana kweupe, mbele ya watu, na tumbo lake mbele. Waone. Kama mwenye mimba ananunua, nani tena atasema nuksi? Alikuwa amepanga na maneno yake njia nzima.

Baridi ile ilikuwa imejaza soko. Nusu ya mji ilikuja kununua upya, na Tojihon alikuwa amebakiwa na sanduku moja la miche dhaifu. Karomat alikuwa palepale mwisho, na masanduku yake yote. Miche ilikuwa imeanza kuzeeka. Mingine ilikuwa inatoa maua kichopani, ishara kwamba wiki ijayo haifai tena ila kwa mbuzi. Ilikuwa kazi yake ya tangu mwezi wa kwanza, na ndiyo riziki yake ya mwaka mzima.

Sanobar akachuchumaa mbele ya sanduku, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza mchele:

"Assalamu alaikum, Mama! Nimekuja kununua miche. Nyanya thelathini, hoho ishirini, na mrihani."

Karomat aliinua uso. Kwa muda ule mfupi alikuwa Karomat wa zamani, yule wa kukaa katikati ya safu.

"Mwanangu! Umekuja peke yako? Umevaa kitambaa hicho, upepo wote huu?"

Watu waliokuwa wanamzunguka Tojihon wakageuka. "Si binti yake huyo?" "Ndiye. Mke wa Odil." "Na tumbo lile?" Mwanamke mmoja mwenye shali nyekundu akajitoa kwenye kundi akaja, akainua kichopa cha Karomat, akakigeuzageuza.

"Astaghfirullah, tazameni shina hili! Na sisi tunagombania majani makavu kule." Akamtazama Sanobar. "Dada, kama wewe mwenye mzigo wako unanunua, mimi naogopa nini? Bi Karomat, nifungie nyanya ishirini."

"Na mimi kumi na hoho," mwanamume wa nyuma yake akasema.

Karomat akaanza kufunga. Vidole vyake vilijua kazi. Akafunga ishirini za shali nyekundu, akazidisha miwili. Mwanamke akazishika kifuani huku anatafuta pochi. Mtu wa tatu akaja. Sanobar alikuwa anatazama, machozi yanamlengalenga, anacheka.

"Ya kwangu uchague wewe, Mama. Na kesho asubuhi uje nyumbani, utupandie mche wa kwanza. Odil mwenyewe kaniruhusu."

Mikono ya Karomat ikasimama.

"Nitakufungia mwisho," akasema. "Waishe hawa kwanza."

"Mimi ndiye nimekuja wa kwanza!"

"Sanobar." Akashusha sauti. "Chukua kwa Tojihon."

"Kwa Tojihon kuna nini? Mabua yale?"

"Chagua yenye mizizi. Nitakuonyesha kwa mbali. Chukua kwake, mwanangu, hii usichukue."

Sanobar alidhani mama yake anamhofia mavyaa. "Nimekwambia wameniruhusu. Hakuna atakayesema kitu."

"Najua."

"Basi kwa nini hawa unawauzia, mimi huniuzii?"

Na Karomat, ambaye mwaka mzima alikuwa amepima kila neno lake mbele ya watu, safari hii hakulipima.

"Hawa si wanangu," akasema.

Hakulisema kwa nguvu. Lakini shali nyekundu alikuwa pale pale, pochi imefunguliwa.

"Ati nini?" akasema. "Sisi si wanao, kwa hiyo sisi ndio tupelekewe nuksi majumbani?"

"Sikusema hivyo, mwenzangu."

"Umesema nini, basi? Wako humpi, mimi wanipa! Nina watoto watatu mimi!" Akakirudisha kichopa sandukuni kwa kukitupa, akajifuta mikono kwenye gauni, mara mbili. Yule mwanamume alikuwa ameshageuka. Mtu wa tatu hakuonekana tena alikokwenda.

Sanobar akaona yanayotendeka, akafanya lile aliloliona litayazuia. Akanyoosha mkono achukue kichopa mwenyewe, mbele ya wote.

"Usiguse!"

Karomat alikuwa amepiga ukelele uliosimamisha soko. Akalivuta sanduku kwa miguu yote miwili, akalifunika kwa mwili, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse tanuri. Wauza mchele wakasimama. Na katika ukimya ule kila mtu wa Kuva aliyekuwepo akapata jibu alilokuwa akilitafuta mwaka mzima: hata mwenyewe anajua.

Watu wakatawanyika. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka. Hata yule kijana wa toroli alipita bila kusema neno.

"Mama, umefanya nini?" Sanobar alikuwa analia wazi. "Walikuwa wananunua! Walikuwa wamekuja!"

"Niliwaona."

"Ni uongo wa watu, Mama. Wewe si ndiye uliyeniambia ni uongo wa watu?"

"Nilikuambia." Karomat alikuwa bado amelifunika sanduku, pumzi zinampanda. "Wiki tatu nimekaa hapa kwenye matope nawaambia moyoni, wajinga nyie, mkono wangu una nini? Nimewalaani mmoja mmoja. Kisha umekuja wewe, ukanyoosha mkono, nikaona tumbo lako na mkono wangu. Sanobar, ningekuwa na hakika ningekupa miche yote hii bure. Sina hakika."

"Basi sema maneno yale. Si unayasema kila unapopanda? 'Si mkono wangu, ni mkono wa Bibi Fatuma binti Mtume.' Yaseme, halafu nipe."

"Niliyasema nilipokuwa namnywesha Shuhrat dawa," Karomat akasema. "Kila kijiko."

  Sanobar alitaka kumshika mama yake, hata bega tu, lakini Karomat alirudi nyuma kabla mkono haujafika, akagonga ukuta.

Ilibidi Tojihon aje. Alikuja polepole, bila ile sauti yake ya kuuzia, akiwa na sanduku lake lililobaki, akaliweka chini kati yao. Karomat akaweka mikono mgongoni akaanza kumwelekeza kwa kidevu: ule, si huo, ule wa pembeni, ufunue mizizi tuone, huo umechoka uache. Akachagua nyanya thelathini za mwenzake namna hiyo, mmoja mmoja, kwa makini kuliko alivyowahi kumchagulia mteja yeyote. Sanobar akalipa. Tojihon hakutaka kupokea pesa, Karomat akamwamuru apokee.

"Upande jioni, jua likishashuka," akamwambia binti yake. "Umwagilie shinani, si kwenye majani. Na usiiname wewe, ainame Odil."

Jioni ile mwenye mbuzi alipita na mkokoteni akachukua masanduku yote ya Karomat kwa bei ya majani.

Ile miche thelathini ilishika yote. Mwezi wa nane, nyanya zikiwa zimeinamisha fito, Sanobar akajifungua msichana wa kilo tatu na nusu, mwenye mapafu ya mnadi. Hosiyat alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Na mji ukasema uliyokuwa umejiandaa kuyasema: mnaona? Kama yule mama hangekuwa na roho nzuri akamkataza, leo ingekuwaje?

Tojihon ndiye aliyempelekea Karomat habari. Alimkuta anamenya kokwa za jozi za watu kwa kibarua, maana mbegu hakusia tena. Alisema Karomat aliinuka, jozi zikamwagika, akaanza kucheka na kulia.

"Mnaona?" akasema. "Mnaona? Ningempa ile miche, leo tungekuwa tunachimba. Alhamdulillah, Tojihon! Nilikuwa sawa."

Alisema hivyo kwa furaha, tena furaha ya kweli. Tojihon alipoyarudisha maneno hayo, Sanobar alikuwa ananyonyesha, na ilibidi amtoe mtoto kifuani kwanza, ndipo alie.

Siku arobaini zilipotimia, mtoto akapelekwa kwa bibi mzaa mama kama ilivyo desturi. Hosiyat aliongozana nao kwa hiari yake, amebeba mikate saba. Safari hii alivuka kizingiti, akamshika Karomat mabega, akambusu pande zote mbili.

"Umetuokolea mjukuu, mkwe," akasema. "Mungu anajua, sitakusahau."

Karomat alikuwa amepika wali wa karoti na nyama, ametandika magodoro mapya, amefagia uani pote mpaka kwenye kitalu kitupu. Alikula kidogo, akawahimiza wageni wale. Kisha Sanobar akamfungua mtoto nguo za njiani akamnyooshea mama yake.

"Mshike, Mama. Arobaini imepita. Mshike."

Hosiyat alikuwa anatazama, na safari hii naye akasema, "Mshike, mkwe, mshike."

"Mlaze hapo kwenye godoro," Karomat akasema. "Nimtazame hapo."

"Mama, tafadhali."

"Mlaze, mwanangu. Ananiona vizuri akiwa hapo."

Sanobar akamlaza. Karomat akakaa upande wa pili wa godoro, mikono ameikalia, akamtazama mjukuu wake mpaka wageni walipoaga.